Kurasa Nne za Mwisho za Daftari la Viney

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Leokadia Kalinga ni kidole chake. Tulikuwa kwenye treni ya asubuhi. Mimi nilikuwa nimepanda Rooty Hill na kukosa kiti. Yeye alikuwa amekaa dirishani, sare ya bluu ya wahudumu wa wazee ikichungulia chini ya koti. Mapajani alikuwa na daftari la mistari, limeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza. Kidole cha shahada kilitembea chini ya maneno polepole, na midomo ikakifuata bila sauti. Kwenye mkato kilisimama kidogo. Kwenye nukta kilisimama zaidi, kama mtu anayengoja kuvuka barabara. Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu miezi minane tu nyuma, na kwa kiburi ambacho leo ninakionea haya, nikadhani ninamwona mama aliyejifunza kusoma ukubwani.

Kisha nikaona pembeni mwa ukurasa maneno ya penseli, ya Kiswahili: "hapa pumua", "usikimbie", "jina hili litamke wazi". Nikajikuta nimesema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuondoa kidole. "Mnyakyusa?"

"Umejuaje?"

"Shikamoo gani hiyo ya kuamsha behewa zima? Mnyakyusa hajui kunong'ona." Akasogeza mkoba wake, akanipa nafasi ya kuegemea. "Unaitwa nani?"

"Lusekelo."

"Basi ngoja nimalize ukurasa, Lusekelo. Kuna mtu ananisubiri Westmead, na hapendi nikikwamakwama."

Miezi miwili baadaye nilikuwa mpangaji wake, chumba cha nyuma, Rooty Hill, umbali wa dakika saba kutoka kituoni. Ndipo nilipojua mambo ya kidole.

Alizaliwa Tosamaganga, karibu na Iringa, miaka hamsini na minane iliyopita. Alisoma mpaka kidato cha nne. Hakuendelea, lakini sista mmoja pale misheni alimwona ana sauti, akamfanya msomaji wa masomo ya misa. Sista alikuwa na sheria zake. Somo lisomwe nyumbani mara tatu: mara ya kwanza kwa macho, ya pili kwa mdomo, ya tatu kwa kusimama. Mkato uhesabiwe moja, nukta ihesabiwe mbili. Msomaji asiongeze kilio chake mwenyewe, kwa maana maneno yana kilio chao. Mama Leokadia amezishika sheria hizo tangu akiwa msichana. Alikuja nazo Sydney pamoja na mumewe Anselmi, fundi wa kuchomelea, na alipofiwa naye miaka minne iliyopita alizidi kuzishika. Kila Jumapili anasoma kanisani. Siku nyingine anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo karibu na hospitali ya Westmead: anawaogesha, anawavisha, anawalisha, anawasikiliza.

Mmoja wa wazee hao ni Bi. Odessa Tillery. Ana miaka themanini na minane. Ni Mmarekani mweusi, alizaliwa Karolina ya Kusini, akaja Australia miaka ya sabini wakati nchi hii ilipokuwa ikitafuta walimu, na akafundisha Kiingereza katika shule za sekondari mpaka alipostaafu. Sasa macho yamezima. Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni, basi.

Kwenye droo ya kitanda chake kulikuwa na daftari la shule, jalada limekuwa rangi ya chai. Ndani yake mna maneno ya bibi wa mama yake, aliyeitwa Viney. Viney alizaliwa mtumwa katika shamba la pamba, mahali ambapo kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika kulikuwa ni kuvunja sheria. Uhuru ulimkuta ni msichana wa miaka kumi na mitano. Alipokuwa kikongwe, mwaka 1931, alikaa barazani akasimulia maisha yake, na mjukuu wake, mwalimu wa shule, akaandika. Mjukuu huyo ndiye mama yake Bi. Odessa. Kurasa arobaini.

Kila tarehe mosi Januari mama huyo aliwakusanya watoto akawasomea. Alichagua siku hiyo kwa sababu zamani, siku ya mwaka mpya, watumwa wengi walikodishwa au kuuzwa, na familia ziliagana bila kujua kama zitaonana tena. Alisoma kurasa thelathini na sita. Halafu aliwatoa watoto nje, akafunga mlango, akazisoma kurasa nne za mwisho peke yake.

"Na ulipokua?" Mama Leokadia alimuuliza Bi. Odessa.

"Nilipokua daftari likawa langu. Nikasema nitazisoma mwakani. Nilisema hivyo miaka arobaini, Leokadia. Kisha macho yakaondoka kabla yangu."

Ndiyo maana alimchagua. Alikuwa amesikia wahudumu wengi wakimsomea magazeti na barua, akasema wote wanasoma kama watu waliochelewa basi. Siku Mama Leokadia alipomsomea orodha ya vyakula vya wiki, akihesabu moja kwenye mkato na mbili kwenye nukta, Bi. Odessa alimwambia afungue droo.

Kwa muda wa miezi mitano walisoma ukurasa mmoja mmoja, saa tisa alasiri, baada ya zamu ya Mama Leokadia kwisha. Aliruhusiwa kunakili ukurasa unaofuata ili aufanyie mazoezi kwenye treni. Zile nne za mwisho hazikunakiliwa. Bi. Odessa alizibana kwa klipu. Zingesomwa Jumamosi moja ya Novemba, saa nne asubuhi, katika ukumbi mdogo wa nyumba ya wazee, na ndugu zake wa Karolina wangesikiliza kwa simu ya video, kwao ikiwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Jumatatu yake mpwa wa Bi. Odessa, aliyekuwa safarini kuja Sydney, angelichukua daftari kulipeleka kwenye nyumba ya kumbukumbu huko kwao. Msomaji angekuwa Mama Leokadia. Alinunua blauzi.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Chuoni nilikuwa nimechukua somo la fasihi ya Marekani, na insha yangu juu ya simulizi za waliotoroka utumwa ilipata alama nzuri. Nilimweleza jioni moja, akimenya viazi, kwamba vitabu vingi vya namna hiyo vilitanguliwa na kurasa za mzungu fulani anayeheshimika, akishuhudia kwamba mwandishi ni mtu kweli, ameandika mwenyewe, na hasemi uongo.

Alisimamisha kisu. "Yaani mtu apigwe, auziwe watoto, atoroke usiku, ajifunze kuandika, kisha atafute wa kumthibitishia?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mama."

"Makubwa," akasema, na akaendelea kumenya.

Sasa niseme lililoharibika, na kwa hilo lazima nimtaje Gregori Komba.

Bwana Gregori ni Mngoni wa Peramiho. Anaishi Penrith, na anafanya kazi jikoni katika nyumba hiyohiyo ya wazee. Mchana ndiye anayesukuma kitoroli cha chai. Mama Leokadia ni Mhehe. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya kumi na tisa mpaka wakachoka, wakatekana, na baada ya vita ukaja utani. Kila Mtanzania anaujua: mtani hutukanwa na hakasiriki, huchukua kitu chako nawe humdai, na siku ya msiba huja kufanya kazi ambazo ndugu hawana nguvu ya kuzifanya. Anselmi alipofariki, Bwana Gregori alifika kutoka Penrith alfajiri. Aliongoza shughuli zote, akawafukuza waombolezaji jikoni, na jeneza lilipokuwa limewekwa tayari alivaa koti la marehemu, akalala sakafuni mbele ya watu, akasema hasogei mpaka Wahehe wamlipe kwa kuwazikia mtu mzito namna ile. Mama Leokadia alicheka akiwa na machozi. Anasema asingecheka siku ile, angekufa. Koti hilo Bwana Gregori analo mpaka leo.

Alhamisi, siku tisa kabla ya ile Jumamosi, walifika ukurasa wa thelathini na sita. Nakala yake ninayo mbele yangu. Viney anasema: "Kaka yangu Julai aliuzwa siku ya Jumanne. Walimbadilisha kwa nyumbu na tandiko lake. Mama alinifumba kinywa kwa kiganja nisilie, maana waliolia walikumbukwa safari iliyofuata."

Mama Leokadia alisoma bila kuongeza kilio chake. Alifunga daftari, akalirudisha mikononi mwa Bi. Odessa, akatoka. Bénie, muuguzi msaidizi kutoka Bukavu, alibaki chumbani akibadilisha mashuka. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye ujia Bwana Gregori alikuwa anakuja na chai.

"Mhehe wangu, mbona umenuna? Leo kwenu hamkuchinja mbwa?" akauliza, maana Wahehe hutaniwa kwa kula mbwa.

Mama Leokadia aliniambia baadaye kwamba kifua kilikuwa kimemjaa kama gunia la mahindi, akataka kulitua, na njia ya kulitua aliyoizoea ni moja tu. "Nyamaza wewe mtumwa," akajibu. "Babu yangu alikukamata ukikimbia bila nguo. Ukinisumbua nakuuza hapohapo Penrith, kwa kaniki moja na chumvi ya kuongezea."

"Kaniki moja? Juzi ulisema mbili!"

"Umezeeka. Bei imeshuka."

Wakacheka, wote wawili, kwa sauti. Chumbani Bi. Odessa naye akatabasamu, kwa sababu kicheko kizuri huambukiza hata asiyejua lugha. Akamuuliza Bénie wamesema nini. Bénie akamwambia kila neno.

Kesho yake mlango wa Bi. Odessa ulikuwa umefungwa. Bénie alisimama nje, uso umemshuka.

"Mama Leokadia, unisamehe. Mimi nilimuambia tu ile nilisikia. Kwetu Bukavu hakuna ile mambo ya kuitana mutumwa na kucheka. Nilisema labda ni maneno ya kawaida."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu, mama. Alitoa mukono, akasema nimupe daftari. Akaliweka chini ya muto. Leo asubuhi akasema hataki usome tena."

Saa sita meneja alimwita ofisini. Alimuuliza kama ni kweli amemwita mfanyakazi mwenzake mtumwa, akasema atamuuza. Mama Leokadia akasema ni kweli. Kwa mzaha? Alitafuta Kiingereza cha kueleza utani, akakuta maneno yote yaliyokuja yanamfanya mbaya zaidi. Alisema tu, "Yeye ni mtu wangu," na papo hapo akasikia jinsi hata hilo linavyosikika. Alihamishiwa ghorofa ya pili, na akaambiwa asiingie chumba cha Bi. Odessa mpaka Bi. Odessa mwenyewe aseme.

Wiki hiyo ndani ya nyumba yetu ilikuwa ngumu. Mama Leokadia alitia chumvi kwenye maharage mara mbili, jioni mbili mfululizo. Simu yake aliiweka mezani, kioo juu, hata wakati wa sala. Alirudi kutoka kazini kila siku akihesabu, na sisi tukahesabu naye: siku saba, siku sita. Blauzi ilining'inia mlangoni kwenye nailoni yake. Binti yake, Raheli, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alimwambia aombe radhi yaishe.

"Niombe radhi kwa kosa lipi?" Mama akauliza. "Kama naomba kwa sababu nilimtania Gregori, nitakuwa nasema uongo. Kama siombi, yule mama atakufa hajui kilichomo kwenye kurasa nne. Au atasomewa na mtu aliyechelewa basi."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Hakuogopa kufukuzwa kazi. Alihofu kwamba amemfunga mwanamke wa miaka themanini na minane nje ya mlango uleule aliotolewa akiwa mtoto.

Jumapili, baada ya misa, Bwana Gregori alikuja. Alikaa sebuleni akiwa ameshika kofia.

"Niende mwenyewe nikamwambie," akasema. "Nitamwambia, mama, mtumwa mwenyewe ni mimi, na sijalalamika."

Hakuna aliyecheka.

"Gregori, hebu acha," Mama akasema.

"Basi tuache kabisa. Kuanzia leo nikuite Mrs Kalinga, na wewe niite Mr Komba. Kama watu wa benki." Aliigeuza kofia mara mbili. "Lakini niambie kitu kimoja, Leokadia. Ukiacha kuniita hivyo, nani atanizika? Hawa wanangu wa Penrith wanajua kupiga simu kwa kampuni ya mazishi tu."

Mama Leokadia alikwenda jikoni akafungua bomba la maji na kulifunga.

Ndipo nikajitolea kuandika. Nilikaa mpaka usiku. Nilitoa kurasa mbili za Kiingereza safi: asili ya utani, vita vya Wangoni na Wahehe, kazi ya mtani katika mazishi, tofauti kati ya utumwa wa mashamba ya Marekani na utekaji wa vitani kwetu. Niliweka hata maelezo ya chini. Nilimpa nikiwa nimesimama wima kama mwanafunzi anayengoja alama.

Alisoma kwa kidole. Ilimchukua dakika ishirini. Kwenye nukta ya mwisho alihesabu mbili, kisha akanirudishia.

"Umeandika vizuri mno, mwanangu. Lakini hii ni ile karatasi yako ya mzungu."

"Mzungu gani, mama?"

"Yule anayetangulia mbele ya kitabu, anasema, huyu ni mtu mzuri, msikilizeni. Sitaki kuthibitishiwa. Halafu tazama hapa." Kidole kikashuka. "Umesema kwetu mateka walichukuliwa kama ndugu. Nani alikwambia?"

"Nimesoma."

"Uliyemsoma alimuuliza mateka?"

Nilizikunja kurasa zangu. Kisha akanieleza habari za Tulia.

Alipokuwa mtoto, kulikuwa na kizee nyumbani kwa babu yake kilichoitwa Tulia. Watoto wote walimwita bibi. Alikula baada ya wengine kumaliza, na si kwa sababu alikatazwa; hakuna aliyewahi kumwambia asogee. Alilala kwenye kibanda cha kuku. Kila mtu pale alikuwa na jina la ukoo, yeye alikuwa na Tulia tu, na hata mtoto aliweza kujua kwamba mama yake mzazi hakumpa jina hilo. Watani wa Kingoni walipokuja msibani na kuanza kutukanana na Wahehe, watumwa nyie, watumwa ninyi, ua zima lilivunjika mbavu. Tulia aliinuka akaenda kuokota kuni.

"Kila mara," Mama Leokadia akasema. "Kila utani ulipoanza, kuni zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nacheka, Lusekelo. Nilikuwa na miaka minane nikaona anakwenda, na nikaendelea kucheka. Leo nina miaka hamsini na minane ndipo ninajiuliza alikamatwa wapi."

Usiku huo hakuandika. Aliandika kesho yake alfajiri, kabla ya zamu, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari lake, kwa Kiingereza chake mwenyewe. Ulikuwa ukurasa mmoja. Hakueleza utani ni nini. Alieleza juu ya Tulia, kibanda, chakula na kuni. Alieleza koti la Anselmi na mtu aliyelala sakafuni ili mjane acheke. Mwishoni aliandika kwamba hajui kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika nyumba moja, na kwamba kwao yamekaa siku zote. Aliniomba nisisahihishe kitu. Niliona makosa manne ya sarufi na nikayaacha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Kwa kuwa Bi. Odessa hasomi, ilibidi asomewe, na kwa kuwa Mama haruhusiwi kuingia, alijirekodi kwa simu. Alisoma mara tatu kama sista alivyofundisha, na mara ya tatu alisimama katikati ya sebule ndipo nikabonyeza. Jumanne Bénie alipokea sauti hiyo kwenye WhatsApp, akaahidi kuicheza.

Jumatano Bénie alipiga simu. "Amesikiliza. Hakusema kitu."

"Hata neno?"

"Alisema, rudisha mwanzo. Akasikiliza tena. Alafu akaomba maji."

Siku tatu. Alhamisi hapakuwa na habari. Mpwa wa Bi. Odessa alikuwa amekwishafika, Bénie alisema, mwanamume mrefu mwenye suti, na alikuwa amejaribu kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ili kuona kama anaweza. Bi. Odessa alimwacha afike nusu, akamshukuru, akamwambia akapumzike. Mama Leokadia alipolisikia hilo aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, viatu mkononi. Nilimuuliza kama ana matumaini. Akasema tumaini ndilo linalomuumiza. Angejua imeshindikana angelala.

Ijumaa, saa kumi jioni, simu ililia akiwa anaanika nguo. Alinitupia nipokee, mikono ilikuwa na maji. Niliweka sauti ya nje.

"Mama Leokadia, amesema ukuje kesho," Bénie alisema haraka, kama mtu aliyekimbia. "Amesema ulete na ule mutumwa wako. Ni vile alisema, mama, si mimi."

"Alisema akicheka au amekasirika?"

"Siwezi kujua. Ye ni mwalimu, uso wake hausemi. Anataka mukae nyuma yake, mahali atawasikia vizuri."

"Na daftari?"

"Daftari amelikamata ye mwenyewe, ameliweka kwa kifua. Bado na ile klipu. Nilimuuliza, mama, kesho atasoma nani? Alinijibu, tutaona."

Mama Leokadia alibaki ameshika kibanio cha nguo. Kisha akaniomba nimpigie Bwana Gregori.

Leo ni Jumamosi. Tumepanda treni ya saa mbili na dakika hamsini, behewa la tatu, kama tulivyokubaliana, na Bwana Gregori alikuwa amekaa humo tangu Penrith. Amevaa suti, na juu ya suti, katika joto hili la Novemba, koti la Anselmi. Alisimama kumpisha Mama kiti cha dirishani. Nimekuja nao kwa sababu Bénie ameomba msaada wa kuunganisha simu ya video. Anasema Karolina watu wameanza kukusanyika, wametuma picha ya viti.

Tumepita Doonside, tumepita Blacktown. Baada ya Seven Hills Mama aligeuka.

"Mbona hunitanii?"

"Naogopa," Bwana Gregori akasema.

"Nini?"

"Akiniuliza kama naumia ukiniita vile. Nimekaa wiki nzima nikijiuliza, Leokadia. Mimi siumii. Lakini bibi yangu mzaa baba, jina la ukoo wake, silijui. Sikuwahi kuuliza."

Mama Leokadia alimshika mkono wa koti, pale kwenye kifungo ambacho yeye mwenyewe alikishona miaka ya nyuma, akakizungusha kuona kama kimelegea. Kisha akarudisha mkono gotini. Hana karatasi leo. Hajaziona kurasa nne, hajazinakili, hakuzisoma hata mara moja kati ya tatu anazotakiwa, na hajui kama atapewa. Lakini kidole cha shahada kinatembea juu ya sketi yake, kinasimama kidogo, kinakwenda, kinasimama zaidi.

Tulipofika Wentworthville simu ya Mama ilitoa mlio. Ni ujumbe wa Bénie: Bi. Odessa anauliza mmefika wapi.

"Mjibu wewe," Mama akaniambia.

Nikaandika: kimebaki kituo kimoja.